Hivi vitabu vya maisha ya maeskoti vina ukweli kiasi gani, au tunanyweshwa chai?

#1 Msomaji wa Usiku

Wakuu, salaam.

Nimemaliza kitabu cha tatu mfululizo cha mwanamke anayesimulia miaka yake ya ueskoti, yaani kuuza ngono kwa miadi. Majina ya vitabu nayaacha, maana shida yangu si kitabu kimoja, ni mtindo. Vyote vitatu vimepita njia ileile: binti msomi, hela imekata, anampigia wakala huku mkono unatetemeka, mteja wa kwanza anatokea kuwa mstaarabu anayenukia vizuri, halafu hoteli, halafu hoteli, halafu hoteli nyingine. Mwishoni anaacha mwenyewe, ana akiba, ana mchumba anayejua kila kitu na hana kinyongo.

Hakuna sura hata moja ambayo mtu amekaa kutwa simu haijalia. Hakuna aliyeumwa akapoteza wiki. Hakuna aliyebishana na wakala kuhusu mgawo.

Nawauliza wanaoijua hii kazi kwa ndani na wale waliosoma sana: ni kweli, ni kweli iliyotiwa chumvi, au ni chai? Mahubiri yana jukwaa lake, tafadhali.

#2 Jicho Kavu

Chai. Mods fungeni uzi.

#3 tumbili_msomi

Nimechukua kiti cha mbele. Wenye mada yao waje.

#4 Bibi Karani

Jicho Kavu, punguza haraka. Hoja ya "chai" ilishaumbuka hadharani. Mwaka 2003 ilianza blogu London, mwandishi akijiita Belle de Jour, anaeleza kazi yake ya ueskoti. 2005 ikawa kitabu, 2007 ikawa tamthilia ya televisheni, Billie Piper ndiye mhusika mkuu. Miaka yote hiyo magazeti ya Uingereza yalikuwa yanakisia ni nani huyu. Wapo walioapa kwamba ni mwandishi mzoefu anayejifanya. Wapo waliosema ni mwanaume, kwa sababu eti mwanamke wa kazi ile hawezi kuandika kwa ucheshi ule.

Novemba 2009 akajitokeza mwenyewe kwenye Sunday Times: Brooke Magnanti, mwanasayansi mtafiti mwenye shahada ya uzamivu. Kazi ile aliifanya kati ya 2003 na 2004, masomo yanaishia na hela imekwisha. Kwa hiyo yule binti msomi aliyekatikiwa hela, ambaye mleta mada anamtilia shaka, yupo, na sasa ana jina.

#5 Jicho Kavu

Yupo mmoja, sawa. Na waliomfuata nao wote wapo? Kimoja kikiuza, kila mchapishaji anatafuta cha kufanana nacho. Tena hata huyo, kujitokeza kwake kunathibitisha kwamba aliifanya kazi. Hakuthibitishi kwamba kila alichoandika kilitokea, au kilitokea vile.

#6 Msomaji wa Usiku

Bibi Karani asante, lakini hapo Jicho ana hoja. Sikuuliza kama watu hawa wapo. Nimeuliza kama kazi ndivyo ilivyo.

#7 AsaliChungu

Nilikuwa nasoma tu kimya kimya. Nimeifanya hii kazi, kwanza chini ya wakala, baadaye peke yangu. Nimeacha. Msiniulize wapi, na msije PM.

Hivyo vitabu nimevisoma kadhaa, na mengi yaliyomo nayatambua. Shida ni yasiyokuwemo.

Sehemu kubwa ya kazi hii ni simu. Mtu anapiga mchana kuuliza bei ambayo iko kwenye tangazo. Anauliza umevaa nini. Anauliza kama kuna punguzo. Anakata. Jioni anapiga kwa namba nyingine na anadhani humjui sauti. Baada ya hao wote mmoja anaweka miadi, na huyo naye anaweza asitokee, wewe umeshaoga, umeshajipamba na chumba umeshakilipia. Watu wa namna hiyo wanakumalizia siku nzima, na hakuna kitabu kilichowapa hata kurasa mbili.

Halafu kuna kumchunguza mteja. Kabla sijaenda popote nataka jina na namba inayopatikana, na nawauliza wenzangu kama wanamjua. Tulikuwa tunapeana orodha: huyu halipi, huyu anakataa kinga, huyu akilewa mikono yake mizito. Na kuna rafiki mmoja anajua niko chumba kipi na natakiwa kutoka saa ngapi. Nisipomtumia neno tulilopatana, anapiga, nisipopokea, anakuja. Kwenye kitabu binti anaingia kwenye lifti, ukurasa unaofuata ana glasi mkononi. Mimi kila nikifika hapo najiuliza, nani anajua uko wapi dada?

Na mashuka. Ukipokea wateja kwako unafua kila siku ya Mungu. Mashuka, mataulo, mashuka. Picha za tangazo zinachakaa, unamlipa mpiga picha upya. Kupima afya. Kuandika mapato na matumizi. Mteja aliyefiwa na mke ambaye amelipia saa nzima ili alie, nawe umekaa naye viatu bado viko miguuni.

Kwa hiyo si chai, mleta mada. Wameondoa kazi wakabakiza matukio.

#8 tumbili_msomi

"Anadhani humjui sauti" 😂😂 kuna mtu humu ndani amejikuna kichwa.

#9 DerevaMstaafu

Nakazia namba 7. Nimewahi kuwaendesha hawa dada kwa wakala mmoja. Kwenye vitabu dereva ama hayupo, ama ni jitu la misuli lenye kovu. Mimi nilikuwa mtu wa kawaida na gazeti langu, nakaa kwenye gari, nahesabu dakika. Zikipita bila dada kushuka napiga simu, nikikosa jibu napanda.

Mleta mada umegusa mgawo, umegusa kidonda. Mteja akibatilisha njiani, mimi nalipwa mafuta yangu, dada hapati kitu. Akichelewa kuna faini. Akimkataa mteja, hakuna anayemgombeza, ila wiki hiyo simu zinakwenda kwa wengine. Haya yalikuwa maongezi ya kwenye gari kila usiku. Hoteli yenyewe hawakuizungumzia kabisa, walizungumzia hela na usingizi.

#10 Bibi Karani

Nyongeza ndogo kwa haki ya waandishi. Si kweli kwamba mgawo hautajwi popote. Magnanti alisema wazi kwamba alikuwa akitoza pauni 300 kwa saa, zake zikiwa 200, mia ya wakala. Theluthi nzima. Kwa hiyo wapo wanaosema, labda ni msomaji anayeruka hesabu akitafuta hoteli.

#11 Msomaji wa Usiku

Hilo jiwe limenipata.

#12 MzeeWaKurasa

Mnazungumza kana kwamba jambo hili limezaliwa na intaneti. Mwaka 1825, London hiyohiyo, Harriette Wilson alitoa kumbukumbu zake kwa mafungu, mchapishaji wake akiitwa John Joseph Stockdale. Alikuwa mwanamke wa kutunzwa na wakubwa: malodi, maafisa wa jeshi, wanasiasa. Kabla ya kuchapa, wahusika waliandikiwa barua. Ukilipa pauni 200 kwa mkupuo, au 20 kila mwaka, unaondolewa. Usipolipa, utajisoma. Duke wa Wellington, jemadari maarufu wa Uingereza, alikuwa miongoni mwa walioandikiwa, na inasimuliwa kwamba alijibu wachapishe na walaaniwe. Akatokea kitabuni, na hakutokea vizuri.

Sasa fikirini aina ya ukweli tunaoupata hapo. Waliolipa hawamo. Waliokataa wamo, na anayewachora ana hasira nao. Kila tukio linaweza kuwa lilitokea kweli na kitabu kizima kikawa kimepinda. Ndiyo maana swali la "kweli au chai" naliona halitoshi.

#13 tumbili_msomi

Mzee, hicho si kitabu, hiyo ni ankara.

#14 kalamu_ya_kukodi

Kwa vile kila mtu anatoa siri zake: mimi naandikia watu vitabu vya maisha yao. Wanalipa, jina langu halitokei. Cha eskoti nimewahi kukiandika, na nitawaeleza yanayotokea baina ya mdomo wa msimuliaji na ukurasa.

Anakaa na kinasa sauti anasimulia. Robo tatu ya maneno yake ni yaleyale ya AsaliChungu: simu, kusubiri, kuchoka, jino linauma, kodi ya nyumba. Namwandikia vizuri, napeleka kwa mhariri. Mhariri anarudisha na swali moja pembeni ya kila ukurasa: tukio liko wapi? Basi kusubiri kunafutwa. Miaka inabanwa iwe mwaka. Wateja wanne wanakuwa mmoja, na hili si uongo wa kupenda tu, mwanasheria wa mchapishaji ndiye anayelitaka, ili asitokee mtu akajitambua akafungua kesi. Kazi ya huyo mteja mmoja wa kuunganishwa, kabila lake, umri wake, vyote vinabadilishwa tena.

Na mteja wa kwanza! Mleta mada umemtaja. Mchapishaji anataka sura ya mteja wa kwanza hata kama hewa imeisha. Yule dada wangu hakumkumbuka. Alikumbuka zulia. Tulimtafutia mteja wa kwanza kutoka kwa yule wa kumi na kitu aliyekuwa na sura nzuri.

Zamani walikuwa wawazi kidogo. Kitabu cha Xaviera Hollander, aliyekuwa mwenye danguro New York, cha mwaka 1971, kile kilichouza mamilioni, jalada lake lina majina ya waandishi wengine wawili, Robin Moore na Yvonne Dunleavy. Polly Adler, aliyeendesha nyumba za namna hiyo New York, alitoa chake 1953 na mwandishi aliyemsaidia alikuwa Virginia Faulkner. Kwa hiyo ile sauti ya mcheshi asiyejali ambayo mnaisikia karibu kila kitabu, mara nyingi ni ya sisi watu wa kukodiwa.

#15 AsaliChungu

@kalamu_ya_kukodi yote nakubali, isipokuwa la mwisho. Ucheshi ni wetu. Ungekaa saa moja na wale dada wanaosubiri simu ungecheka mpaka ukohoe. Mnachotuletea nyinyi ni ucheshi wa mtu anayeelezea sherehe ya watu asiyoalikwa.

#16 DerevaMstaafu

Kweli kabisa. Kwenye gari nilikuwa nasimama pembeni ya barabara nicheke kwanza.

#17 nuru_tele

Mbona hamjataja kile cha geisha? Yule mama wa Kijapani aliyeandika maisha yake tangu alivyouzwa utotoni mpaka kupigiwa mnada ubikira wake. Kile ni kweli tupu, nimelia kurasa mia.

#18 Bibi Karani

@nuru_tele kile ni riwaya. Kimeandikwa na Arthur Golden, mwanaume, Mmarekani, kikatoka 1997. Jina lake lina neno "kumbukumbu" na kina utangulizi wa kubuni wa mtafsiri, ndiyo maana watu wengi wanaingia mkenge. Mwanamke aliyemsimulia mambo ya kazi hiyo, Mineko Iwasaki, alimshtaki 2001 kwa sababu alitajwa jina wakati walikubaliana asitajwe, na kwa sababu wasomaji walidhani ule mnada ni wake, jambo alilolikana. Wakamalizana nje ya mahakama 2003. Katikati hapo, 2002, akatoa kitabu chake mwenyewe, na ndani yake geisha ni msanii wa dansi na mazungumzo anayefanya kazi mpaka figo zinamgomea. Kumweka kundi moja na eskoti ndiko kulikomuudhi.

#19 nuru_tele

Basi nimelizwa na mwanaume wa Kimarekani. Ila aliniliza vizuri, nisimnyime haki yake.

#20 Jicho Kavu

Mnaona? Riwaya imesomwa kama maisha ya kweli duniani kote, na maisha ya kweli ya Magnanti yalisomwa kama riwaya. Msomaji hana pua ya kunusa hili jambo. Narudi kwenye chai yangu.

#21 MtejaWaZamani

Nitapigwa mawe, haidhuru. Nimewahi kuwa mteja, tena wa kurudi. Kwenye hivi vitabu sisi tuko aina tatu: tajiri mpweke, mtu wa mambo ya ajabu, na katili. Mimi ni mtu wa ofisini mwenye kitambi. Nilikuwa naoga, nalipa kabla, tunaongea habari za mpira, naondoka kabla ya muda. Sijawahi kuona kitabu ambacho nimo.

#22 AsaliChungu

Wewe ndiye uliyekuwa unalipa kodi ya nyumba, kaka. Wateja wengi walikuwa wewe. Huandikwi kwa sababu ukishasema alikuja, alikuwa na adabu, aliondoka, umemaliza.

Ila usiwe na hakika sana kwamba yule dada alipenda mpira.

#23 MtejaWaZamani

Alikuwa anajua mpaka majina ya wachezaji wa akiba!

#24 AsaliChungu

Alikuwa anasoma kabla hujafika. Nami nilikuwa nasoma. Nimejua mambo ya uvuvi, ya hisa na ya treni za zamani, na leo hayana kazi kichwani.

#25 tumbili_msomi

Mkuu pole. Timu yenu imefungwa ugenini.

#26 Mpiga Hesabu

Naona mnamlaumu mchapishaji na msomaji, hakuna aliyegusa sheria.

Kwanza, anayeandika ni nani? Ni mwenye muda, mwenye kompyuta, mwenye lugha inayochapishwa, na ambaye akijulikana hapotezi watoto wala kibali cha kuishi. Anayesimama barabarani, mhamiaji asiye na karatasi, mwenye deni kwa aliyemleta, hao hawaandiki. Wakiandikwa, ni ripoti za watu wengine. Kwa hiyo hata vitabu vyote vingekuwa kweli neno kwa neno, vingekuwa kweli ya kona moja ya chumba.

Pili, angalieni mahali mtu alipo. New Zealand waliondoa makosa ya jinai kwenye kazi hii 2003. Sweden tangu 1999 mwenye kosa ni mnunuzi. England kuuza peke yako si kosa, lakini wawili wakifanyia kazi nyumba moja, hiyo nyumba inahesabika danguro. Kuna nchi nyingi ambako muuzaji mwenyewe anafungwa, na anayeishi kwa hela yake, anayempangisha, anayemwendesha, nao wanaweza kushtakiwa.

Rudini sasa namba 7. Asali anashangaa kwa nini rafiki wa simu na wenzake wa kwenye orodha wamefutwa. Wamefutwa kwa sababu hao ndio ambao sheria ingewadaka. Mwandishi makini anawatoa kwanza, na ukiwatoa anabaki mwanamke mmoja kwenye lifti. Yule shujaa mpweke wa kwenye vitabu huenda ametengenezwa na mwanasheria kuliko na mchapishaji.

#27 DerevaMstaafu

Ndiyo maana hamtaona kitabu changu.

#28 kalamu_ya_kukodi

Mpiga Hesabu, nakupa nusu. Wanasheria wetu walihangaika na kashfa, yaani mteja kushtaki. Kuhusu rafiki wa simu hawakusema neno. Huyo aliondolewa na mhariri, alisema anapunguza taharuki. Nilibaki mdomo wazi, maana mimi niliona ndiye anayeiongeza.

#29 Kaa la Moto

Mnajadili rafu moja ya duka. Kuna rafu ya pili, ya mateso: mtoto aliyeuzwa, kipigo kila ukurasa, wokovu mwishoni. Nayo ina mtindo wake uleule na wasomaji wake. Somaly Mam wa Kambodia alitoa kitabu chake kwa Kifaransa 2005, akawa mtu mashuhuri wa dunia. Mei 2014 Newsweek wakatoa makala iliyotilia shaka simulizi yake, na mwezi huohuo akajiuzulu kwenye taasisi yenye jina lake. Kwa hiyo wa furaha wanatia chumvi na wa mateso wanatia chumvi, kwa sababu hela iko pande zote mbili.

#30 Jicho Kavu

Hapo sasa! Chai huku, chai kule.

#31 Mpiga Hesabu

Hapana Jicho, usiruke. Kwanza Somaly Mam alizikana tuhuma hizo. Pili, hata kama simulizi ya mtu mmoja ina shaka, haifuti wale wanaouzwa kweli. Tatu, na hili ni kwa Kaa la Moto, kile ni kitabu cha mtu anayesema alishikiliwa kwa nguvu. Kukipima kwa kipimo kimoja na cha eskoti mwenye wakala na tangazo ni kuchanganya kesi mbili.

#32 Kaa la Moto

Sijavichanganya mimi, duka ndilo limeviweka pamoja. Na wapo walioanzia kesi moja wakaishia nyingine, hao mtawaweka rafu gani?

#33 Hadubini

Nina nadharia nyingine, fupi. Kazi hii inahitaji kuwa mtu mwingine kwa saa moja: jina jingine, historia nyingine, kicheko kingine. Umefanya hivyo miaka. Siku unaandika, anayeshika kalamu ni yupi? Nahisi mara nyingi ni yule wa kazini, kwa sababu yeye ndiye aliyezoea kusimulia. Wala hadanganyi. Anafanya kazi yake, na mteja safari hii ni msomaji.

#34 AsaliChungu

Hadubini umeandika vizuri lakini sikubali. Jina la kazi ni sare tu. Nesi anamwambia mgonjwa "utapona" kwa sauti ambayo hatumii nyumbani, na hakuna anayemuuliza yeye ni yupi. Hii habari ya kugawanyika nafsi tunaulizwa sisi tu.

#35 Hadubini

Nesi hatumii jina la bandia.

#36 AsaliChungu

Na wewe jina lako la kuzaliwa ni Hadubini?

#37 tumbili_msomi

🔥 Wekeni maji karibu.

#38 MzeeWaKurasa

Nirudi kwa wazee wangu. Kuna ngazi za uongo, tusizibane pamoja. Ngazi ya juu kabisa ni Nell Kimball. 1970 kilitoka kitabu kinachosemwa ni kumbukumbu za mwenye danguro wa New Orleans, mhariri akiwa Stephen Longstreet, mtunzi wa riwaya. Watafiti wakaja kugundua vipande vinavyofanana mno na maandishi ya Herbert Asbury ya miaka ya 1930. Mwanamke mwenyewe anaonekana hakuwahi kuwepo. Hiyo ndiyo chai, Jicho. Hao wengine ni watu halisi wanaokata na kushona.

Upande wa pili mwekeni Céleste Vénard, aliyejulikana kwa jina la dansi la Mogador. Aliandikishwa na polisi wa Paris kama kahaba akiwa na miaka 16, jambo lililokuwa utaratibu wa huko wakati huo. Kumbukumbu zake zilianza kutoka 1854, mwaka alioolewa na mtu wa ukoo wa kikabaila, na ukoo huo ukahangaika kuzizima. Yeye anaeleza daftari la polisi, ukaguzi wa afya, gereza la Saint-Lazare. Yaani mambo ya ofisini, yasiyopendeza. Ninamwamini kwa sababu hiyo: hakuna aliyemlipa aandike habari za foleni ya ukaguzi.

#39 Jicho Kavu

Mzee, mtu mwongo mwenye akili ataweka foleni makusudi ili umwamini.

#40 kalamu_ya_kukodi

😂 Tunafanya hivyo. Maelezo mawili matatu ya kuchosha kwa kila sura, basi.

#41 Bibi Karani

Basi mimi nawaletea ambaye hakuweka sura kabisa. Grisélidis Réal wa Geneva, kahaba, mwandishi na mwanaharakati katika ile vuguvugu ya makahaba iliyoanza kusikika Ufaransa 1975 walipoingia kanisani Lyon wakagoma kutoka. Alikuwa na daftari dogo la wateja kwa mpangilio wa alfabeti: jina la kwanza, anachotaka, kinachofaa kuepukwa, bei. Baadaye likachapishwa. Hakuna kisa wala mwanzo wala mwisho. Alifariki 2005, na 2009 mabaki yake yakahamishiwa makaburi ya heshima ya mji huo, yale anakokumbukwa Jean Calvin, mwanamageuzi wa Kiprotestanti. Kelele zilikuwepo.

Ukitaka kujua kazi ilivyo, daftari lile linasema zaidi ya vitabu vitatu vya mleta mada.

#42 MtejaWaZamani

Ina maana na mimi niko kwenye daftari la mtu.

#43 AsaliChungu

Uko. "Mpira. Anawahi kuondoka."

#44 Kaa la Moto

Daftari halisemi alijisikiaje, Bibi Karani. Bei tunaijua, mwanamke hatumjui. Hapo ukweli wake ni wa karani wa hesabu.

#45 Bibi Karani

Alichojisikia yamo kwenye barua zake. Sikusema daftari linatosha, nimesema halijapambwa.

#46 Msomaji wa Usiku

Nimesoma yote. Sasa hivi nina mchapishaji, mwanasheria, mwandishi wa kukodi, kisasi, nafsi ya kazini, na msomaji mwenyewe. Kila mmoja ana mshitakiwa wake. Asali, nakuuliza tu, kwa nini wewe usiandike?

#47 AsaliChungu

Nishaandika hapa na imetosha. Na mama yangu anasoma sana.

#48 kalamu_ya_kukodi

Siku ukibadili mawazo, kabla ya kusaini hakikisha mkataba unasema nani ana neno la mwisho kuhusu kinachokatwa. Wengi wanaangalia asilimia tu.

#49 Njiwa Mkavu

Nimechelewa, samahani. Uzi mzima mnasema dada, dada, dada. Wanaume wanaofanya kazi hii nao wameandika. John Rechy wa Marekani alitoa riwaya 1963 kuhusu wanaume wanaojiuza, New York, Los Angeles, New Orleans, na hakuficha kwamba aliifanya kazi hiyo mwenyewe. 2008 akatoa kumbukumbu za maisha yake. Mtu yuleyule, maisha yaleyale, mara moja kama riwaya na mara moja kama tawasifu. Hapo ndipo mngeweza kupima.

#50 Jicho Kavu

Na ipi ina ukweli zaidi?

#51 Njiwa Mkavu

Nimesoma riwaya tu. Ile nyingine natafuta nakala, mwenye nayo aseme.

#52 MzeeWaKurasa

Ninayo. Ila naanza kubishia kabla sijaifungua: 1963 ana kumbukumbu mbichi na kila sababu ya kujificha, 2008 hana tena cha kuficha ila miaka zaidi ya arobaini imepita. Utapimaje?

#53 tumbili_msomi

Page ya pili hii wakuu, nani analeta karanga.